Wifi Aliyeinywesha Nyumba ya Tiquipaya

"Injinia, usiandike hicho kitu! Hizo ndoo hazina kazi hapo!"

Nilipaza sauti mpaka jirani akapunguza redio. Injinia Peredo, mthamini aliyeteuliwa na mahakama, alisimama katikati ya sebule ya nyumba yetu ya Sacaba, kalamu hewani, macho mekundu kama nyanya. Ilikuwa Alhamisi ya baada ya karnivali, na siku hiyo mtu mzima yeyote wa bonde letu la Cochabamba, hapa Bolivia, kichwa kinamgonga. Sakafuni palikuwa na ndoo tatu na sufuria moja, zimepangwa vizuri kabisa, kama paa linavuja.

"Mzee Severo," nikamgeukia mpangaji wetu, "hili paa limeanza kuvuja lini?"

"Zamani, mama Ximena. Tunateseka."

"Mbona ndoo kavu?"

"Mvua imekatika."

"Juzi imenyesha mpaka mbwa wa mtaa mzima wameoga!"

Mzee Severo akajikuna kidevu. "Basi pengine limepona."

Fermín, mume wangu, kasimama mlangoni anaangalia viatu vyake. Hiyo ndiyo kazi anayoiweza kuliko zote.

"Mzee wangu," nikasema kwa upole, "hatujaja kupandisha kodi. Tumekuja kupima nyumba kwa ajili ya talaka."

"Talaka?" Uso ukamng'aa. "Si mngesema mapema! Mke wangu! Njoo utoe hizi ndoo, ni talaka tu!"

Ni talaka tu. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, mtoto mmoja, Ximena, chuoni Santa Cruz, nyumba tatu za kupangisha, halafu ni talaka tu. Injinia akafuta ukurasa, akaanza upya.

Nieleze kidogo. Mimi naitwa Nieves, nashona sare za shule kwenye kiduka changu. Fermín Zurita ni fundi wa kuchomelea mageti, na bonde hili geti zuri ukiliona, uliza, utaambiwa ni lake. Hanipigi. Halewi, ukiacha siku ambazo hata padri analewa. Mwanamke wa nje hana. Ana dada.

Casilda, wifi yangu. Tukitaka kununua kitanda, kwanza Casilda akione. Tukitaka kumpeleka mtoto shule, Casilda aseme ipi. Nikipika supu ya karanga, Fermín anaonja, anasema, "Nzuri, ila Casilda huweka viazi vidogo." Nilivumilia mpaka mwaka jana. Siku hiyo nilimwuliza, "Baba Ximena, twende baharini Arica, mimi na wewe tu?" Akajibu, "Ngoja nimuulize Casilda kama ana nafasi."

Kesho yake nikaenda kwa wakili.

Hakimu akasema mali ni nusu kwa nusu, lakini kwanza nyumba zote tatu zithaminiwe, na sisi wote wawili tuwepo. Kuhusu talaka yenyewe, sheria inatupa miezi mitatu ya kufikiri, halafu turudi tuseme kama bado tunaitaka; tusipofika, inafutwa.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu: nyumba ya Tiquipaya. Sacaba tulinunua ikiwa imesimama. Quillacollo alituachia baba mkwe. Ila Tiquipaya ilikuwa shamba la mawe. Nilishona sare mpaka vidole vikafa ganzi, sare moja tofali nane. Kila ukuta pale naujua umetoka shule gani.

Basi tukapanda pikapu ya Fermín, watatu kiti cha mbele. Injinia dirishani, Fermín kwenye usukani, mimi katikati, gia inanigonga goti kila anapobadilisha. Nani mwingine ameshaenda kuachana huku kabanwa na anayeachana naye?

Nyumba ya Quillacollo ndiyo iliyonitia wasiwasi.

"Injinia, tazama bomba hilo!" Fermín akasema. "Halijawahi kuziba!"

Nikageuka. Mwanaume ambaye harusini kwetu alitikisa kichwa badala ya kusema "ndiyo", leo anatangaza bomba.

Injinia akafungua. Bomba likakohoa, likatoa maji rangi ya chai.

"Yana madini," Fermín akasema.

"Hm," Injinia akajibu.

"Na mbao hizi! Mbao kama hizi siku hizi hazipatikani!"

Injinia akabonyeza fremu ya mlango kwa kidole. Kidole kikazama. Ndani mchwa wakakimbia huku na huku kama watu wa sokoni wakiona askari.

"Baba Ximena," nikamvuta pembeni, "unafanya nini?"

"Nasifu nyumba. Vibaya?"

"Unaisifu kwa sababu unataka nipewe mimi, tena kwa bei ya juu, niambiwe nimeshatosheka. Na Tiquipaya je?"

"Tiquipaya ni ya kawaida tu," akasema, na akarudi kwenye viatu vyake.

"Nitazame mimi, si viatu. Tiquipaya kuna nini?"

"Hakuna kitu, Nieves. Twende, Injinia anaumwa kichwa."

Njiani simu ya Fermín ikalia. Anaiweka juu pale karibu na kioo, na akiwa anaendesha anaifungulia sauti. Akabonyeza bila kuangalia.

"Kaka!" Ni Casilda, anahema. "Usiwalete leo! Sijafagia!"

"Casilda, nipo na..."

"Na siwezi kufagia, unajua vizuri siwezi, ni siku ya pili tu! Waambie gari limeharibika!"

"Casilda. Nipo na Nieves hapa. Na Injinia."

Halafu sauti tamu kama sharubati: "Aa, wifi yangu! Hujambo? Karibuni sana." Ikakatika.

Injinia akafumbua jicho moja. "Sijafagia maana yake nini?"

"Hata mimi nataka kujua," nikasema.

Fermín akabadilisha gia. Kwenye goti langu.

Casilda alihamia Tiquipaya mwezi wa Desemba. Nilijua, na sikuwa na la kusema. Fermín aliniambia amempangisha dada yake vyumba vya mbele mpaka kesi iishe, wakili wangu akasema mpangaji ni mpangaji, akiwa wifi au akiwa mgeni. Akanionya pia nisikanyage pale mpaka tathmini ipite, nisije nikaambiwa nimekwenda kuharibu au kupamba. Ndiyo maana mwaka huu, Jumanne ya karnivali, kwa mara ya kwanza sikwenda kuinywesha nyumba yangu.

Ile Jumanne kwetu hakuna mwenye nyumba anayeiruka. Unaipa nyumba bia na pombe kwenye pembe zake nne, unapamba geti, unamwaga vipande vya karatasi vya rangi ambavyo hufagii mpaka wiki iishe, baraka isije ikatoka navyo, unachoma ubani katikati ya uwanja na kumshukuru Mama Ardhi, Pachamama, aliyekubali kukubeba. Mwenye gari atalinywesha gari. Mpangaji atanywesha kitanda chake na masufuria yake. Ila pembe nne ni za mwenye nyumba. Hata mtoto wa chekechea analijua hilo. Sacaba na Quillacollo mwaka huu hazikupata hata tone. Sisi tulikuwa tunagombana, nyumba zikabaki na kiu.

Pikapu ikakata kona ya Tiquipaya. Nikaona geti.

Maputo. Tepe za karatasi za kila rangi, kutoka kufuli mpaka juu kwenye nondo. Petali za maua kizingitini. Tukaingia ndani, viatu vinakanyaga vipande vya karatasi vya rangi kama theluji ya mlima Tunari iliyolewa. Pembe ya kwanza, alama ya bia ukutani na pipi chini. Pembe ya pili, vilevile. Sikuhitaji kwenda ya tatu. Katikati ya uwanja, duara la majivu, bado yananukia ubani.

Injinia akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Hongera, mama Ximena. Hii ndiyo nyumba iliyonyweshwa."

"Asante," nikasema. "Ila si mimi."

Casilda akatoka jikoni anafuta mikono kwenye aproni, sura ya kanisani.

"Wifi! Injinia! Kaeni, kuna juisi."

"Wifi, nani kainywesha nyumba hii?"

"Mimi. Kwani kosa? Nakaa humu."

"Mpangaji hunywesha kitanda chake. Wewe umenywesha pembe nne, geti na uwanja."

"Bia ilibaki."

"Yalibaki makreti mawili?" Nilikuwa nayaona nyuma yake.

"Tulikuwa na wageni! Kaka, mwambie mkeo asinihoji kama polisi."

Fermín akageukia geti lake.

Sauti ikanitoka laini, hata mimi nikashangaa.

"Haya, sitaki ugomvi. Injinia ni shahidi. Wifi, simama hapo kwenye majivu, sema maneno machache tu: 'Mama Ardhi, nyumba hii si yangu, mimi ni mpangaji.' Basi. Tuendelee kupima, tukanywe hiyo juisi."

Casilda akacheka. Kicheko kikafia njiani.

"Mambo gani haya ya kitoto?"

"Kama ni ya kitoto, yaseme. Mtoto gani anashindwa?"

"Injinia, wewe ni msomi, mwambie huyu mwanamke..."

Injinia alikuwa ameshapiga hatua mbili nyuma, mbali na majivu. "Mimi ni msomi, mama. Lakini hapo simo."

"Kaka!"

"Usimwite kaka. Sema wewe. Umempa ardhi bia siku mbili zilizopita ukamwambia nyumba ni yako, imlinde kila aliye wako. Leo mwambie ulikuwa unatania."

Casilda akashika aproni yake. Akatazama majivu, akatazama geti, akatazama juu mlimani. Nilijua anafikiria nini. Mwanae Rímber anaendesha lori, na wiki hiyo alikuwa kwenye ile barabara ya milimani ya kwenda Santa Cruz, ambayo mvua ikipiga hushuka nusu yake bondeni.

"Mwanangu yuko njiani," akasema polepole.

"Najua."

"Na lori limejaa."

"Najua, wifi."

"Siwezi!" Akajishika kifua. "Siwezi kuikana! Ni yangu! Kaka kaniandikia, saini yake ipo! Haya, umefurahi? Ni yangu!"

Injinia akashusha kalamu. Mimi nilimtazama Fermín, na safari hii hata viatu hakuwa anaviangalia. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Umemuuzia?"

"Ni karatasi tu, Nieves."

"Umeuza kwa bei gani?"

"Hakuna bei. Imeandikwa tu."

"Tarehe?"

"Ya mwaka juzi."

"Na mmesaini lini?"

"Desemba."

"Kwa hiyo siku ya mgawanyo ungeitoa mfukoni: hakimu, hii si ya ndoa, niliuza zamani, mpe mke wangu Quillacollo na mchwa wake."

Macho yakaanza kurudi kwenye viatu.

"Nimekuuliza!"

"Ndiyo."

Jamani. Ningeambiwa kuna mwanamke mdogo wa miaka thelathini, ningejua pa kuuweka moyo. Ningemng'oa mtu nywele, nikapumzika. Sasa huyu? Kanisaliti kwa dada yake, na kwa tofali zangu!

"Kwa nini, Fermín? Nimekukosea nini mpaka unifutie kuta zangu?"

"Casilda alisema ukipewa Tiquipaya utaolewa."

"Nitafanya nini?"

"Utaolewa. Mwanaume mwingine atakuja kukaa hapa. Afungue geti nililochomelea. Akalie kile kibaraza." Akaonyesha barabara nje ya geti. "Nikafikiri, sitaweza kupita hii barabara tena maisha yangu yote."

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Sikujibu kitu."

"Ndiyo ugonjwa wako! Miaka ishirini na mbili unasubiri mtu mwingine amalize sentensi yako! Ungekuja dukani kwangu, useme hivyohivyo ulivyosema sasa, kwa huo mdomo wako, tungekuwa hapa na huyu Injinia wa watu anayeumwa kichwa?"

"Mimi sijambo," Injinia akanong'ona.

"Usimpigie kelele kaka yangu!" Casilda akapata nguvu. "Marehemu mama alimuacha mikononi mwangu! Kaka, twende ndani, tumpigie wakili, yeye atajua..."

"Casilda," Fermín akasema. "Lete karatasi."

"Karatasi gani?"

"Lete."

"Kaka, huyu mwanamke amekuroga hapa mbele yangu! Mama angekuwa hai..."

"Mama amekufa, dada. Alikuachia mtoto. Mimi nina miaka hamsini na moja."

Sikuwahi kumsikia akimwambia dada yake maneno mengi hivyo kwa mpigo. Casilda pia hakuwahi, maana alienda. Akarudi na bahasha. Ilikuwa imezungushiwa utepe wa pinki na inanuka bia. Karatasi yenyewe pia alikuwa ameinywesha, maskini, wino umetapakaa mpaka kwenye saini.

Nilidhani ataichana. Wanaume wa kwenye tamthilia huchana, wanarusha hewani, muziki unapiga. Fermín aliikung'uta, akaikunja, akanipa mimi.

"Mpe wakili wako. Aipeleke kwa hakimu kama ilivyo. Atanitukana, na anitukane. Injinia, andika: nyumba ya Tiquipaya ni mali ya ndoa. Ukuta wa kaskazini umenyooka kuliko zote, pima. Huo aliusimamia yeye."

Injinia akaelekeza kipimo chake ukutani, taa nyekundu ikatua juu ya tofali zangu. Nikageuza uso niangalie mlima, si unajua vumbi la Tiquipaya.

"Na mimi je?" Casilda alikuwa amekaa kwenye kreti tupu, kajikunyata. "Nimeshaipa ardhi kinywaji chote."

"Ardhi hairudishi kinywaji, wifi. Nyumba yangu inakushukuru." Kisha nikainama mbele yake. "Na wewe hukukana. Umesema kweli mbele ya majivu. Rímber atafika salama."

"Kweli?"

"Mpigie simu uone. Halafu anza kufungasha."

Alipiga palepale. Rímber alikuwa anakula kuku wa kukaanga, kasimama njiani, anauliza kuna nini mama, mbona unalia.

Wakili wangu aliifurahia ile karatasi kama mtoto siku ya karnivali. Tathmini ikatoka, tukagawana: mimi Tiquipaya, yeye Sacaba, na Quillacollo iuzwe pamoja na mchwa. Ikabaki ile siku ya kurudi kwa hakimu kusema kama talaka bado tunaitaka. Tarehe kumi na nne Mei.

Nilihamia vyumba vya mbele na cherehani zangu. Chumba cha nyuma nikabandika tangazo getini: kinapangishwa, piga namba hii. Siku ya tatu ikaingia meseji kutoka namba ninayoijua kwa kichwa.

"Habari. Naulizia chumba."

Nimeshahoji wapangaji thelathini maishani, huyu ananishinda nini? Nikajibu: "Nzuri. Sasa hivi unakaa wapi?"

"Karakana. Nalala kati ya mageti mawili."

"Una mbwa?"

"Sina."

"Una wageni wa mara kwa mara?"

"Nina dada. Siku hizi anapiga simu kwanza."

"Akipiga unamwambiaje?"

"Namwambia nitakujibu nikishaongea na mwenye nyumba."

Nikacheka peke yangu, halafu nikajikasirikia kwa kucheka. Nikashona mfuko mzima wa shati, nikaukosea, nikaufumua. Nikaandika swali la mwisho, ambalo humuuliza kila mpangaji.

"Umeoa?"

Akawa anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Huyu mtu hata kwa vidole ni mzito!

"Hakimu ataniuliza hilo tarehe kumi na nne. Nakuuliza wewe kwanza, wala sijamuuliza mtu mwingine yeyote: nimwambie nini?"

Sikumjibu siku hiyo. Wala ya pili. Ya tatu nikamwandikia: "Njoo uone chumba. Mdomo uje nao."

Alikuja nao. Tuligombana saa nzima kuhusu rangi ya ukuta, yeye anataka kijani, mimi njano, nikasema kijani ni cha hospitali, akasema basi hospitali watu hupona. Jamani, Fermín Zurita ananijibu! Nilikasirika mpaka nikampakulia supu.

Tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi, simu ikalia. Wakili wangu.

"Mama Ximena, mko wapi? Hakimu amewaita mara tatu! Wewe hupo, mumeo hayupo!"

"Tupo Tiquipaya, wakili."

"Mnafanya nini Tiquipaya?"

Nikachungulia dirishani. Fermín alikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi, ukuta wa chumba cha nyuma nusu njano, nusu kijani, na bado anabisha peke yake.

"Mwambie hakimu atusamehe," nikasema. "Nilikuwa na chumba cha kupangisha. Kimepata mtu, na ni msumbufu, siwezi kumwacha peke yake."